Anauliza Kama Bamekuita

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Hakuna kitu. Nimefungua email kabla ya kunawa uso, nikafungua tena chai ikichemka, tena kazini, pharmacie, mteja alipogeuza mgongo. Hata kwenye spam — matangazo ya viatu tu. Katika groupe ya WhatsApp ya sisi tulioomba udaktari Uingereza tukiwa nchi za nje, msichana wa Malawi ameandika kwamba wenyeji wameshaanza kuitwa kwenye mahojiano. Wa nje bado. Sisi tunawekwa mwisho kila mwaka, anasema.

Mzee Latifu, mwenye pharmacie, aliniuliza kwa nini naangalia simu kama muntu anayechumbiwa. Nilicheka tu. Hajui. Wanaojua ni Maman na mwalimu wangu wa biologie aliyeniandikia barua. Chungu kisichoiva hakifunuliwi mbele ya majirani.

Papa pia hajui. Alivuka daraja la Rusizi ya Pili mwezi wa pili, wiki ile vita ilipoingia Bukavu, ng'ambo ya mpaka kutoka hapa Kamembe. Alikwenda kufunga atelier yake, karakana ya kutengeneza frigo. "Drocella, nitarudi kula," alimwambia Maman. Tangu siku ile simu yake haiingii. Hatujafanya matanga. Maman hataki kulisikia neno hilo — mtu aliyekwenda kufunga mlango haliliwi, anasubiriwa.

Alhamisi, 20 Novemba

Papa yuko hai.

Nimerudi kutoka kazini nikamkuta mama mzee ameketi kwenye ngazi yetu, mguu mmoja umevimba mpaka kiatu kakishika mkononi. Akauliza kama mimi ndiye docteur Dative. Nikamwambia mimi si docteur, nauza dawa. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonywa kwamba nitajibu hivyo.

"Védaste njo alinituma. Anasema mutoto yake ni docteur."

Aliposikia jina la Papa, Maman akatoka jikoni na unga mikononi. Alipiga magoti pale pale, akamshika yule mama miguu yote miwili, hata ule mgonjwa. Yuko wapi? Yule mama — anaitwa Nzigire, anakaa Bukavu — alijaribu kueleza lakini maneno yake hayakushikana. Ni pahali pa chini. Kuna baridi. Batu ni mingi na habasemake, hawasemi kitu. Maman akauliza kama ana afya. Nzigire alifikiri sana.

"Anasimama," akasema.

Nilibonyeza mguu wake, kidole kikaacha shimo. Nikamwambia aende centre de santé wapime moyo na figo. Alisikiliza kwa heshima. Halafu akakumbuka kwamba ametumwa na neno.

"Anauliza kama bamekuita."

Nani waniite?

"Sijue. Alisema weye utajua."

Tulimsindikiza mpaka darajani. Akaonyesha jeton yake, kile kikaratasi cha kuvukia mpaka, kama wengine wote, akapita katikati ya wanawake wenye ndoo za nyanya. Ni mtu wa damu na nyama, nilimgusa. Nilimtazama akichechemea mpaka ng'ambo.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimeamka na jambo moja kichwani, halitoki.

Papa aliondoka mwezi wa pili. Wakati ule nilikuwa nasema nitakuwa mwalimu. Wazo la kuomba Uingereza lilinijia katikati ya mwaka, yeye hayupo. Nani kamwambia kwamba nasubiri kuitwa?

Nimemuuliza Maman. Amesema baba hujua mambo ya mtoto wake. Akaendelea kuchambua maharage. Alikuwa anatupa mazima na kubakiza mabovu.

Jumatano, 3 Desemba

Chuo kimoja kimenikataa. Email fupi, ya adabu. Nimelia chooni pharmacie, nikanawa, nikarudi kuuza paracetamol.

Njiani kurudi nyumbani mwanaume mmoja akanisimamisha. Jina lake Balagizi, ana kikohozi kibaya, kila maneno matatu anasimama. Nikamuuliza amenijuaje katikati ya watu wote wa Kamembe.

"Védaste alisema nitakujua na kichwa. Ati ulinyoa."

Nilinyoa mwezi wa tisa.

Nilimwambia akapime kifua kikuu, bila kuchelewa. Nikangoja lile neno lingine, nikiomba asiliseme. Alikohoa, akafuta mdomo, akalisema. Anauliza kama bamekuita. Nilikwenda haraka, mabega yamepanda kama mtu anayenyeshewa, na mvua haikuwepo.

Maman ameweka benchi nje, na thermos ya chai. Wagonjwa wa Papa wasikae chini, anasema.

Jumamosi, 13 Desemba

Kamembe haina siri. Mzee Latifu ameshasikia kuhusu benchi. Aliniita wiki iliyopita nyuma ya rafu za dawa, nikamweleza yote, hata maombi ya Uingereza. Hakukasirika. Alinikataza tu kushika wagonjwa. "Muntu akikufia mikononi, mwanangu, hakuna chuo itakupokea." Halafu akamtuma Mudathiru, mtoto wa dada yake, ambaye huvuka kila mara kufuata biashara ya simu. Akamtafute Papa.

Mudathiru amerudi leo. Hakutaka kukaa. Alieleza akiwa amesimama, akimtazama mjomba wake badala yangu.

Atelier imefungwa kwa kufuli ya Papa. Fundi wa viatu wa jirani alimwona mwezi ule wa pili akifunga, akatia ufunguo mfukoni, akashika njia ya daraja. Kwa hiyo alimaliza kazi iliyompeleka. Alikuwa anarudi kwetu.

Tena amempata Nzigire, kwa kuulizia mtaa kwa mtaa. Mama anavaa viatu vyote viwili, mguu umepona. Hamjui Védaste. Docteur Dative hamjui. Anasema siku ile alikuja Kamembe kununua unga.

Nikamwambia Mudathiru huyo mama anadanganya.

"Hapana. Anaogopa," akasema. "Anakumbuka daraja ya kuja na daraja ya kurudi. Katikati hakumbuki kitu. Aliniuliza mimi kule alienda wapi."

Sijamwambia Maman.

Ijumaa, 26 Desemba

Noeli imepita. Vyuo vimefunga, email kimya. Hakuna mgonjwa. Maman alikaa kwenye benchi mwenyewe jana baada ya misa, amevaa kitenge chake kipya, mvua inampiga. Nilimshika mkono kumwingiza ndani. Ulikuwa baridi kuliko mvua.

Jumapili, 11 Januari 2026

Leo ni msichana. Rika langu. Elikia. Tumemkuta kwenye benchi tuliporudi kanisani, amekaa wima, mikono magotini. Nikamuuliza anaumwa nini.

"Bado," akasema.

Sikumpa nafasi ya kuendelea. Nikamwambia safari hii nauliza mimi: papa yangu yuko wapi?

"Ile alinikataza kujibu."

Basi mwambie hawajaniita. Hawajaniita, na labda hawataniita. Nilisema kwa hasira, ili nimuumize Papa huko aliko.

Uso wa Elikia ukalegea. Akashusha pumzi, akatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Aksanti. Sasa atapumzika. Iko na woga sana juu yako. Anasema bakikuita, usiitike."

Karibu miezi miwili nilidhani ananiombea niitwe. Nikahisi baridi, jua likiwa juu yetu. Nikamuuliza hao wanaoita ni nani.

Alitazama chini ya kilima, upande wa ziwa.

"Kule hatujue nani anaita. Tunajua tu bale baliitika."

Akanywa chai yake yote, akashukuru, akaenda. Maman alikuwa nyuma ya mlango. Alisikia kila kitu.

Jumanne, 20 Januari

Imekuja.

Niliisoma nikiwa nahesabu vidonge vya mteja, ikabidi nianze upya. Wanafurahi kunialika kwenye mahojiano. Kwa video, Jumanne tarehe tatu Februari, alasiri kwa saa za kwetu. Nithibitishe kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi itapewa mwingine. Mzee Latifu alifunga pharmacie kwa dakika chache akaniombea dua, mikono imefunguliwa, nami nikasema amina pamoja naye ingawa mimi ni Mkristo. Msichana wa Malawi ameniandikia kwamba yeye bado. Nilitamani kucheza njia nzima.

Maman alikuwa anakaanga sambaza, dagaa wa ziwani. Nilimsomea email kwa Kiswahili, neno kwa neno. Hakugeuka.

"Usiitike," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Papa yako alisema."

Papa hajasema kitu, Maman. Watu wamesema.

Samaki wameungua. Tumelala bila kula, wote wawili.

Alhamisi, 22 Januari

Asubuhi nimemwambia habari za Nzigire. Nilifikiri zitamfungua macho.

Alikuwa anajua. Alivuka mwenyewe mwezi wa kumi na mbili, mimi nikiwa kazini, akamfikia yule mama mpaka mlangoni. Nzigire alimfukuza huku analia.

Sasa kwa nini unaendelea kuweka benchi nje?

"Sababu papa yako hana njia ingine," akasema.

Alisema kwa upole, kama unavyomweleza mtoto kwa nini mvua inanyesha. Kwake mambo ni mepesi: mume wake yuko mahali, anatuma neno kwa anayeweza kulibeba, na binti ana masikio. Nikamuuliza anataka nifanye nini — nikae Kamembe nauza dawa ya minyoo mpaka nizeeke, kwa sababu ya neno la mtu asiyekumbuka alikolichukua? Akasema ndiyo. Nizeeke. Ndicho anachotaka, anione nazeeka.

Nilitoka. Pharmacie, Mzee Latifu akiwa mlangoni, nikafungua simu na kubonyeza pale panapoandikwa nakubali. Nilijua ni kitu kidogo, kidole juu ya kioo. Lakini baada ya kubonyeza nilisimama pale nikisikiliza.

Jumatano, 28 Januari

Najifunza. Watanipitisha vituo kadhaa, kila kimoja na mtu wake na swali lake: kwa nini udaktari, maadili, kazi ya pamoja, na kimoja cha kuigiza ambapo mtu anajifanya mgonjwa au ndugu wa mgonjwa. Mzee Latifu ananihoji wakati wateja hawapo. Anajifanya profesa mkali, ananiuliza kwa nini wasimchukue wa kwao. Jana nilijibu vizuri mpaka akasahau kuwa mkali.

Benchi ni tupu tangu nilipobonyeza. Hakuna hata mmoja.

Maman amezima redio ya jikoni. Hataki sauti yoyote ndani ya nyumba. Anafua na kupiga pasi mashati ya Papa, na katikati ya pasi anasimama, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayetaka kuhakikisha kitu. Halafu anaendelea.

Jumanne, 3 Februari

Nimemaliza mahojiano. Niandike kwa mpangilio.

Nilikuwa chumbani, mlango umefungwa, simu imeegemezwa kwenye vitabu. Réseau ya simu ilikuwa nzuri. Kabla sijaanza Maman aliingia, akanirekebisha kola, akatoka. Nilidhani tumepatana.

Kituo cha kwanza, cha pili, sawa. Nilisikia sauti yangu ikitoka imara, Kiingereza changu hakikukwama. Kisha kile cha kuigiza. Mwanamke wa makamo akatokea kwenye kioo, akajifanya mke anayemsubiri mume wake aliyepelekwa upasuaji. Hajapewa habari tangu asubuhi. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari nimempata kwenye korido. Nizungumze naye.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemwuliza jina lake nipate kumwita. Hapo ndipo nikasikia mtu anaita nje.

Sauti ya mwanaume, getini. Hakupaza. Aliita kama anavyoita mtu mwenye mizigo mikononi, anayeomba afunguliwe. Wiki hizi zote nimejiandaa kusikia jina langu, nimejizoeza jinsi nitakavyouma meno na kunyamaza.

Aliita, "Drocella."

Na Maman akaitika. "Karame" — wazi, kwa furaha, kama alivyofundishwa kumwitikia mume wake. Nikasikia ndara zake zikipita uani, haraka, za msichana. Nikasikia chuma cha geti kikifunguliwa.

Yule mwanamke kwenye kioo aliniuliza kama niko sawa. Nikasema ndiyo. Nikamwambia naona jinsi kusubiri kulivyo kugumu, kwamba sitamdanganya kwa kumpa habari nisizo nazo, kwamba nitakaa naye mpaka apatikane mtu anayejua. Nilisema vizuri. Nilimwona amesahau kwamba anaigiza, macho yamemlowa. Baadaye wakanishukuru wote, wakasema nitapata jibu mwezi ujao, kioo kikawa cheusi.

Sasa kuna mwanga bado, jua liko upande wa Bukavu. Nimekaa hapa hapa. Nje hakuna mtu anayeongea. Mbuzi wa jirani, ambao hawanyamazi, wamenyamaza. Geti nilisikia likifunguliwa. Sijasikia likifungwa.

Natoka sasa. Namalizia tu mstari huu.