Simu ya Jumapili

Kasense, Sumbawanga

Mwanangu Skolastika,

Huku hatujambo, na mahindi yangu yameota kuliko ya jirani wote. Kila Jumapili ukipiga simu naweka sauti kubwa, jumuiya nzima ikusikie. Nani mwingine hapa amezaa nesi? Mama Ignasi alikusikia ukisema uvimbe wa titi hauishi kwa kukandwa majani, akaenda hospitali. Wameutoa, sasa analima, na sifa zako hazimwishi mdomoni.

Juzi akanitania mbele ya wenzetu, "Mama Nesi, wewe huwa huugui?" Tukacheka.

Mwanangu, nami ninao, titi la kushoto, tangu tulipovuna ulezi. Hauumi ila unakua, na ninaukanda majani yaleyale ninayowakataza wenzangu. Ningekuulizaje kwenye simu, wote wameiinamia? Ndiyo maana nimempa kondakta wa basi la Mbeya barua hii.

Hospitali naijua. Nataka tu uniambie niende, kama ulivyowaambia wao.

Nipigie siku ya kazi, asubuhi, wote wakiwa shambani kwenye palizi. Hiyo simu nitaiweka sikioni.

Ni mimi mama yako, ninayetamba kwa ajili yako,
Anjela