Zabibu Zilizoiva Kabla ya Wakati

Hombolo, 9 Julai 1993

Mke wangu Generosa,

Mbukwa. Mimi mzima, ila goti linadai pensheni ambayo sikuwahi kupata. Wewe je?

Picha aliyokuchora mchumba wako Elieza imefika. Bibi yako angekuwa hai angeitundika chooni kwa wivu. Umekaa shambani kama malkia, vishada vimeiva vyeusi tii. Hapo ndipo nilipokwama. Darasa la tatu sikumaliza, lakini zabibu nazijua. Mavuno yalikwisha Aprili. Elieza umemfahamu Juni. Alikuchora lini? Tena rangi ya uso mbichi, inanata kidoleni, wakati gauni na shamba vimekauka hadi vimepasuka. Siku hizi kila kitu ruksa, hata kuazima mwili? Muulize nani alikaa hapo kabla yako.

Mumeo wa kwanza,
Babu Yotham

Area D, 21 Julai 1993

Mume wangu mzee,

Shikamoo. Mimi sijambo, na goti lipe pole. Nimemsomea Elieza barua yako, akacheka hadi akakaa chini. Anasema zabibu alizichora kwa kukumbuka tu. Wivu huo, babu! Hata mchumba wa dada Frida ulimwita mchawi, na leo ndiye anayekununulia ugoro. Ndoa ni Jumamosi, tarehe 7 Agosti, kisha nahamia kwake Mlali. Ukitaka kunizuia, leta ng'ombe.

Mkeo mdogo,
Generosa

Hombolo, 2 Agosti 1993

Mjukuu wangu Generosa,

Salamu. Leo siandiki kama mume.

Jana nilikwenda Mlali na picha. Elieza ana mke, anaitwa Ruthu. Tangu mavuno hajaonekana. Elieza anawaambia watu alitoroka. Mama yake Ruthu alifunika uso wako pichani kwa kiganja, akatazama kidole kifupi cha mkono ulioshika kishada.

"Kidole hicho kilikatwa na panga akiwa na miaka sita," akaniambia. "Mwanangu hakutoroka. Viatu vyake vyote viko ndani."

Usiende naye popote. Alhamisi nitakuwa kwako.

Babu yako

Area D, 5 Agosti 1993

Mjukuu wangu,

Nakusalimu nikiwa mlangoni kwako. Jirani yako Joha anasema Elieza alikuja na gari jana, akataka muondoke mapema kwenda Mlali. Barua yangu ulimwachia Joha huku unacheka, ukisema wivu wa babu utausoma ukirudi. Amenipa. Haijafunguliwa.

Hii nimempa dereva wa lori la Mlali, anaondoka sasa. Mimi nafuata.

Elieza, kama ni wewe uliyeifungua, mpe aisome. Kisha anijibu mwenyewe. Mwandiko wake naujua.

Babu