Mpunga wa Bi Mize

Kengeja, Pemba

Salma mke wangu,

Nakusalimu sana, na wanangu wabusu. Mvua ililizamisha bonde siku nane, mpunga wote chini ya maji. Leo yamepungua, nikaukuta umelala topeni, umegeuka manjano. Nikaanza kuung'oa ili kumsaidia mwenye nyumba wangu, Bi Mize. Akanipigia ukelele:

"Wacha, mwalimu! Haujafa huo. Unaohangaika kurefuka majini ndio huishiwa nguvu. Huu umetulia, unangoja."

Nikachana shina moja. Ndani bado lilikuwa bichi. Niliona haya.

Jioni nakula muhogo peke yangu, nikisikiliza vyura. Najua sijakuandikia tangu Ramadhani. Nipo, Salma, nimetulia tu. Usining'oe.

Wako,
Hamadi