Mayai kwa kiti cha Maxine

Baba Maxine,

Nimeenda kazi. Maxine yuko kwa Mama Waceke, mlango wa pili. Mchukue ukimaliza kuoga. Uji uko kwa thermos, uache upoe kwanza. Saa nane ni kliniki, kitabu chake kiko juu ya friji. ~~Usimpeleke, nitaomba ruhusa nimpeleke mwenyewe.~~ Mpeleke, lakini akae nyuma kwa kiti chake cha gari, mkanda ukiwa umefungwa.

Nimetoka bila kukuaga kwa sababu sikutaka tugombane mbele ya Ronny. Ndugu yako hana makosa. Alipewa mtoto ashike, akashika. Lakini wewe umetoka kwa mama yako Kiganjo asubuhi hii mpaka hapa Gitothua, Thika Road yote, Maxine amelala kwa mapaja ya Ronny huko mbele, na trei mbili za mayai zimekalia kiti chake. Eti mama alisema yasivunjike. Eti barabara haikuwa na magari mengi. Sasa ungefunga breki ghafla, Ronny angemzuia na nini?

Usinipigie simu mchana. Nitakuwa bado nimekasirika.

Hayo mayai nimeyaangalia moja moja kabla nitoke. Hakuna hata moja limepasuka. Uliyapitishia mkanda, ukavuta mpaka ukakaza, ukaweka na sweta pembeni yasigongane.

Kumbe kufunga unajua.

Mama Maxine