Kidude Nilichotoa Kwenye Ampli Yako

Yaya Mulamba, kaka yangu usiye na kaburi,

Leo mchana nimempiga mtu. Ni mpiga gitaa wa kanisa moja hapa kwetu Kindu, mwanaume mzima mwenye ndevu na watoto. Alikuja kwenye karakana yangu na ampli ndogo ya mazoezi kwapani, akasema inatoa sauti nzito, isiyosikika safi. Nikamwambia aiache, nitaangalia spika. Akasema hapana, amesikia kuna kapasita moja ndogo pale waya wa gitaa unapoingilia, ukiitoa sauti inafunguka. Kisha akachukua koleo yangu mezani bila kuomba, akaingiza ncha yake ndani. Sijui mkono wangu ulitoka wapi. Nilimzaba kofi akaangukia redio za wateja, nikamfuata pale pale chini nikamwongeza la pili na la tatu, mpaka Mama akanivuta kwa kitenge.

"Ngalula, unataka kuua muntu juu ya kawaya?"

Yule bwana ameondoka na shavu lake, ampli ameiacha. Mimi nimebaki na swali la Mama, na kwa swali hilo nakuandikia, hata kama hakuna mahali pa kuipeleka barua hii.

Unaikumbuka ampli yetu? Baba aliileta kutoka Lubumbashi, enzi zile treni bado inafika na yeye bado ni fundi wa reli. Ilikuwa ndogo, kuku angeweza kuiatamia. Siku ya kwanza ulipopiga nyuzi mbili ukakunja uso. "Hii inasemea puani," ukasema, na tangu siku hiyo hukuiacha ipumzike. Baada ya Baba kufa ulivunja kasha la ampli la ubao mwembamba, ukatengeneza jingine kwa mbao za benchi la behewa alizokuwa ameficha chini ya kitanda. Uliziba mgongo wake, ukatia spika ya redio kubwa iliyokufa, ukajaza ndani sufi ya mto wa Mama. Mama alitukimbiza na mwiko mpaka kwa jirani. Chuma cha kulehemu tulikichoma kwenye mbabula, kati ya makaa ya kupikia, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika zamani na ampli tuliiendesha kwa betri ya gari. Mimi nilishika tochi, halafu nikashika waya, halafu ukaniachia chuma chenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ulimwambia kila mtu kwamba mkono wangu hautetemeki kama wako.

Vita ilikuwa imetufungia mjini. Askari walioshika mji walikuwa ndani, watu wa msituni walikuwa nje, na sisi katikati tulikufa kwa sababu yoyote. Mwanamke alipigwa risasi kwa furushi la sombe, majani ya muhogo tu. Fundi cherehani wa mtaa wetu walimuulia mlangoni kwake kwa sababu alikutwa na tochi tatu. Walisema mtu mmoja hana haja ya tochi tatu isipokuwa anampelekea adui ishara. Tulimzika kwa haraka, ukarudi nyumbani ukainamia ampli yako.

Sauti ilikuwa imeshanenepa vizuri, lakini bado ilikuwa na blanketi juu yake. Nikakuonyesha ile kapasita ndogo ya rangi ya chungu, ndogo kama punje ya dengu. Nikasema hiyo njo inakula sauti kali. Ukakubali inaila. "Lakini usiiguse. Inafungiaka mawimbi ya redio mlango. Ukiitoa, kila kitu kitaingia."

Nilikusikia vizuri sana, Yaya. Sitasema sikuelewa.

Siku uliyovuka mto kwenda Alunguli kutafuta muhogo, nilichoma chuma nikaitoa. Nilitaka urudi ukute muujiza. Ulirudi umechoka, ukachomeka gitaa, ukapiga, na kila uzi ukasikika peke yake, safi, mpaka jirani akatoka nje kusikiliza. Ukacheka. Halafu ukanitazama.

"Umetoa kile kidude."

"Nimetoa."

"Lete tukirudishe."

"Yaya, acha siku moja tu. Siku moja."

Ukatikisa kichwa kama unavyomtikisia mtoto, ukaendelea kupiga. Ulinipa siku moja.

Kesho yake mchana Mama alikuwa mtoni kuchota maji. Ulikuwa barazani unapiga, mimi napepeta mchele kidogo tuliokuwa nao. Ampli ikaanza kukwaruza, kisha mwanaume akasema ndani yake. Barabarani walikuwa wanapita askari wanne, mmoja amebeba mgongoni foni, ile redio yao ya kusemezana, na mdomo wake uko kwenye kisemeo. Alijisikia mwenyewe anatoka nyumbani kwetu. Akasimama. Akasema, "Moja, mbili," na ampli yetu ikasema, moja, mbili. Alicheka kwanza. Kicheko kile nakichukia kuliko bunduki yake.

"Iko nani mule ndani?"

"Hakuna muntu, mukubwa," ukasema. "Ni ampli ya gitaa."

"Nani aliitengeneza hivi?"

Nilifungua mdomo. Ulinikanyaga mguu kwa kisigino, kwa nguvu zako zote, mpaka machozi yakanitoka na neno likakwama.

"Miye," ukasema.

Halafu ukafanya kosa ambalo fundi peke yake anaweza kulifanya. Ulidhani ukieleza vizuri, wataelewa. "Kuna kidude kimoja kimetoka, mukubwa. Kinafungaka mawimbi. Niachie nikirudishe, mutaona itanyamaza mara moja."

Yule wa foni akawageukia wenzake. "Mumesikia? Anajua kufungua na anajua kufunga."

Kitako cha bunduki kilikuvunja meno, mawili yakaangukia juu ya kasha. Gitaa walilivunjia mgongoni kwako. Mimi nililazwa kifudifudi, buti shingoni, uso umegeuzwa upande wako, na ndiyo sababu najua kila kitu. Walilaza mikono yako juu ya mbao za Baba wakaponda vidole kimoja kimoja, na kila kidole walikuuliza nani anakusaidia. Vidole kumi, Yaya. Mara kumi waliuliza, na mimi nilikuwa nimelala hatua tatu kutoka kwako. Ulilia kama mnyama lakini jina langu hukulitaja. Na mimi sikulitaja. Hilo ndilo ninalokuandikia. Kisigino chako kilininyamazisha mara ya kwanza tu. Zile mara nyingine nilinyamaza mwenyewe, kwa woga.

Watatu walikukokota kufuata reli, kuelekea nyuma ya hangari ya mizigo. Mmoja alibaki ananikanyaga. Nikasikia risasi mbili, kisha moja. Kisha ampli, ambayo hakuna aliyekuwa ameizima, ikakwaruza, na sauti ya yule wa foni ikatoka kwenye sufi ya Mama ikisema, "Imeisha. Tunamutupa mtoni." Askari aliyebaki akachukua betri, akapiga kasha teke likapasuka, akaondoka akipiga mluzi.

Mama alirudi na ndoo kichwani. Aliona damu, meno, mbao. Aliniuliza nini kimetokea, nikamwambia Yaya alichezea waya za ampli mpaka ikaanza kushika redio ya askari. Hivyo tu nilisema. Sentensi moja.

Mama amekutukana kwa sentensi hiyo maisha yangu yote ya utu uzima. "Kichwa yake ngumu njo ilimuua. Nilimukataza mambo ya waya." Unajua kwetu mtoto wa kiume hupewa jina la marehemu wa nyumba, na majina anayatoa Mama. Nilipozaa mvulana wa kwanza nikaomba Mulamba. Akakataa, akasema jina la mtu aliyejiua kwa ukaidi halirudi nyumbani kwake. Wa pili pia akakataa. Nami nilifunga mdomo, nikaenda zangu kulehemu redio za watu. Nimekuwa mwanamke wa kupiga. Nimempiga mume mpaka akaondoka, nimepiga wateja, nimempiga hata polisi mmoja. Watu husema ni vita. Ni uongo, mimi najua ni nini.

Wiki hii binti yangu amejifungua mvulana. Bado hana jina, wanangoja Mama aseme.

Kwa hiyo leo, Mama aliponiuliza habari ya kawaya, niliingia ndani nikatoa kisanduku cha zamani cha kiberiti ninachokificha kwenye kopo la misumari. Nikakifungua nikamtilia kiganjani ile kapasita niliyoitoa. Nikamweleza yote: Alunguli, siku moja, kisigino, vidole kumi.

Aliisogeza karibu na uso. Macho yake hayaoni vizuri tena, akaigusa kwa kucha.

"Haka tu?"

"Haka tu, Mama."

Akanipiga. Ana miaka karibu themanini lakini alivua kandambili akanipiga nayo usoni, kichwani, kwenye mikono, na kila pigo alitaja jina lako, yeye ambaye hakuwahi kulitaja bila tusi. Sikujikinga. Alipochoka alikaa kwenye kigoda chake cha kuuzia karanga, anahema, bado ameshika ile kapasita.

"Alikuwa wapi wakati nilikuwa namutukana?" akasema. "Alikuwa anasikia?"

Niliokota kandambili yake, nikaiweka miguuni pake.

Nilichukua ampli ya yule bwana wa kanisa. Nimeikaza spika iliyokuwa imelegea, nikaziba ufa wa mgongo wake, nikaondoa kutu kwenye tundu la waya. Kapasita yake nimeiacha mahali pake. Sasa inasema vizuri, si kwa ukali, vizuri tu. Kesho nitampelekea mwenyewe na kumwomba radhi, ijapokuwa sijui nitamwambia nini kuhusu makofi matatu.

Nilimwuliza Mama kama sasa mtoto anaweza kuitwa Mulamba. Nilidhani atasema ndiyo. Amekataa. Amesema hilo jina si lake tena la kutoa, lazima aje akuombe mwenyewe, kwa kuwa ni yeye aliyekutukana. Ameniambia asubuhi nimpeleke kwa pikipiki mpaka nyuma ya hangari, pale reli inapokaribia mto, nimwache peke yake na mtoto mikononi. Amesema mimi nisimame mbali.

Nitasimama mbali. Akikuita, mwitikie yeye. Mimi ulishanipa siku yangu.

Mdogo wako uliyemkanyaga mguu,
Ngalula