Gari Hufuata Macho

Nareyu, umekaa? Kaa kwanza. Mama kanisimulia sasa hivi huku anamenya viazi, kama vile si kitu!

Mwaka 1983 baba, Thomasi mwenyewe, alikuwa anaendesha watalii Ngorongoro. Siku moja kampakia mzungu, dereva wa mashindano ya magari, naye mzungu akampa siri: kwenye utelezi usitazame korongo, tazama unakotaka kwenda, gari litafuata macho.

Thomasi akajiona bingwa!!

Jumamosi akaombwa ampeleke bibi harusi kutoka Ganako mpaka kanisani Karatu. Bibi harusi Evarista, MAMA YANGU. Bwana harusi Sylvesta. SYLVESTA, Nareyu, si baba!

Mvua, tope jekundu, na Thomasi njia nzima anajisifia hiyo siri, macho yote kwenye kioo, kwa bibi harusi. Kwenye kona gari likazunguka lote, likasimama limeelekea Ganako.

Shangazi wa bibi harusi, kaketi naye nyuma, anasali kwa Kiiraqw.

Evarista akaweka shela sawa. "Thomasi, ulikuwa unatazama wapi?"

"Kwako."

"Basi gari limeshaamua. Turudi nyumbani."

WAKARUDI!!

Na mimi miaka yote nashangaa kwa nini mzee Sylvesta hakubali lifti ya baba, hata mvua ikimnyeshea.