Onyo la Upepo Halikutoka

Jumatatu, 3 Juni
Baridi ya Mbinga leo inauma hadi vidole. Zeno, mwenzangu kazini, amesafisha msimbo wa mfumo wetu, ule unaowatumia wavuvi wa ziwani ujumbe wa upepo mkali. Programu ya ukaguzi ilikuwa inalalamika kila palipoandikwa "== True". Pote kaweka "is True". Malalamiko yamekwisha. Nikamuuliza kama amejaribu kutuma. "Nimejaribu, Dada Editha." Tumetoka naye chuo kimoja. Sikurudia kuuliza.

Alhamisi, 6 Juni
Upepo wa mwera umechafua ziwa tangu alfajiri. Onyo tuliliingiza jana. Kijijini Lundo hakuna simu iliyolia. Mtumbwi wa Mjomba Alto umepinduka. Yeye kaokolewa. Mwenzake Kastori haonekani.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeona. Mstari ule ulipaswa kuiambia hifadhidata: leta wavuvi wanaopokea ujumbe. Kwa "is True", Python, lugha ya msimbo wetu, haiulizi hifadhidata. Inajijibu yenyewe papo hapo: si kweli. Kwa hiyo hifadhidata ikaambiwa isilete mtu. Orodha tupu. Mfumo ukanyamaza, bila hata kulalamika. Nimeandika "is_(True)". Programu ya ukaguzi imeridhika, na wavuvi wote wamerudi kwenye orodha. Nimejaribu kutuma. Ujumbe umefika.
Zeno hakujaribu. Alinidanganya usoni.

Jumamosi, 8 Juni
Kastori kapatikana ufukweni Lipingo. Maiti.

Jumatatu, 10 Juni
Kikao. Mkuu wetu kauliza nani aligusa sehemu ile. Nikamtazama Zeno, nikimsubiri aseme. Akasema, "Sehemu ya kutuma ni ya Dada Editha." Kwa utaratibu. Kama anayemsaidia mkuu.
Nikaeleza. Mkuu akasema tusitupiane mpira, nikae nyumbani kwanza.
Namchukia. Miaka yote hii nimekula naye sahani moja.

Jumatano, 12 Juni
Lundo, msibani. Nilimwamkia Mjomba, nikamweleza yote, hata jina la Zeno. Alisikiliza hadi mwisho.
"Kwa hiyo mashine ilitutafuta ikasema hatupo?"
"Ndiyo, Mjomba."
Nikamwambia nimeshatengeneza, sasa ujumbe unatoka. Akasema simu yake imezama. Namba yangu nilikwisha kuiweka kwenye orodha ya wavuvi, nikamwachia simu yangu.
Zeno akipiga, atapokea Mjomba.